Siku Kamati Ilipopimwa Rangi

Nilikuwa mwalimu wa sanaa mpaka sanaa ilipoondolewa kwenye ratiba. Mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniambia nisiwe na wasiwasi, ningefundisha masomo ya dini. Nikamwuliza kwa nini dini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji huteremka mlima.

"Si yote ni mambo ya kuwaza tu?" akasema.

Ndivyo nilivyorudi nyumbani Muthara, huku Tigania, na makopo ya rangi ambayo shule haikuyataka tena. Niliyapanga chini ya kitanda. Mume wangu alisema sasa tunalala juu ya upinde wa mvua, na yeye ni mtu wa mzaha mmoja kwa mwaka, kwa hiyo niliucheka.

Mwaka uliofuata ofisi moja ya maendeleo ya kanisa, mjini Meru upande wa Kinoru, ilitaka kitabu cha katuni fupi. Hadithi kumi na mbili, kila moja kurasa mbili, za kusomwa na vikundi vya wakulima wa Meru na Embu. Kwa miaka mingi wakulima hao walikuwa wameletewa vijitabu vya maneno matupu, nao walikuwa wamevitumia vizuri sana kuwashia moto. Mtu fulani ofisini akafikiri kwamba picha zingekuwa ngumu zaidi kuchoma. Mwenyekiti wa kamati ya kitabu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, rafiki wa yule wangu, na nadhani waliambiana kwamba kuna mama mmoja Tigania ana rangi na hana kazi nazo.

Kutia rangi niliweza. Kuchora watu sikuweza hivyo. Watu wangu wote husimama wima kama wanaimba wimbo wa taifa, hata anayekamua ng'ombe. Kwa hiyo nilikwenda mjini Meru, mtaa wa Majengo, kumtafuta fundi wa mabango.

Alikuwa amechora karibu kila bucha kuzunguka msikiti, pamoja na saluni mbili na chuo cha udereva ambacho gari lake kwenye ukuta lilikuwa zuri kuliko lile walilofundishia. Alizaliwa Majengo, na baba yake pia. Kiswahili kwake kilikuwa cha mama, si cha mwalimu kama changu, na alinirekebisha bila kuinua macho.

"Nimekuja na makopo zangu," nilimwambia siku ya kwanza.

"Makopo yangu, Mwalimu. Karibu. Yaweke hapo."

Nilimweleza kitabu kinachotakiwa. Akachukua penseli ya seremala, akachora chifu anayefika kwenye baraza lake mwenyewe akiwa amechelewa. Mistari mitano au sita tu. Hakuandika neno, lakini kwa namna tumbo lilivyotangulia ungejua kwamba mheshimiwa amepitia mahali akanywa chai, na kwamba hakunywa kikombe kimoja. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Tulipanga kitabu hicho kwenye meza yake ya dirishani kwa wiki tatu. Mimi nilitaka kila ukurasa uwe na rangi zote nilizokuwa nazo. Miaka ya shule ilikuwa imeniharibu: ukimpa mtoto makopo kumi na manne, anataka kuyafungua yote, na mwalimu wake naye ni hivyo hivyo. Fundi alikataa.

"Kila hadithi ipewe rangi moja iwe mwenye nyumba," alisema. "Nyingine ni wageni. Wageni wakizidi, mwenye nyumba analala nje."

Basi hadithi ya jirani anayeng'oa mimea ya mpaka alfajiri na kuipanda hatua mbili ndani ya shamba la mwenzake tukaipa wekundu wa udongo wetu, ule unaoganda kwenye viatu mpaka mtu anaongezeka kimo. Hadithi ya kamati ya harusi iliyomla mbuzi kabla ya harusi tukaipa manjano ya moshi na mafuta. Baraza la chifu tukalipa weupe wa jua la saa saba, lile linalowafanya watu wanaosubiri wafunge jicho moja. Mkulima aliyechuma kahawa mbichi kwa haraka zake tukampa kijani, na kahawa yenyewe nyekundu hapa na pale kama aibu.

Juu ya mzaha wenyewe tulibishana zaidi kuliko juu ya rangi. Mimi nilikuwa na hasira zangu za ratiba na nilitaka kila hadithi iume. Kulikuwa na mwalimu mkuu mmoja hasa niliyetaka aonekane. Fundi alichora, akatazama, akakunja karatasi.

"Huyu hatacheka akijiona," alisema.

"Sitaki acheke."

"Basi mwandikie barua. Hiki ni kitabu."

Alikuwa sawa, na hadithi ya mwalimu mkuu tukaiondoa.

Kisha tukapeleka mpango wetu mbele ya kamati. Walikuwa watano. Mwenyekiti, ambaye bado alizungumza na watu wazima kana kwamba kengele iko karibu kulia. Mama kiongozi wa umoja wa akina mama, mwenye kitambaa kizuri cha kichwa na maoni juu ya kila kitu. Mtaalamu kutoka Nairobi, mwanamke wa makamo aliyebeba kadi za rangi kama zile za duka la rangi za nyumba, zimefungwa kwa uzi, naye alizifungua na kuzifunga kama upepeo wa mkono alipokuwa akifikiri. Na wajumbe wawili wengine ambao hadi leo sijui waliwakilisha nani, ila chai hawakuikosa hata mara moja.

Walianza na rangi ya chungwa. Mjumbe wa kwanza wa chai alisema hiyo ni ya chama. Mwenyekiti akasema basi iondolewe, kanisa halina chama. Mjumbe wa pili akasema kijani nacho ni cha chama. Mama wa umoja akasema nyekundu imo kwenye bendera za vyama karibu vyote. Buluu nayo ikapatikana na hatia, nimesahau ya chama gani. Khaki ya koti la chifu ikaondolewa kwa sababu chifu angejua ni yeye.

"Chifu yupi?" Fundi aliuliza.

"Yeyote," Mwenyekiti akajibu. "Wote huvaa hiyo."

Fundi alihesabu kwenye vidole vyake kilichobaki. "Kwa hiyo tuna kijivu na waridi," alisema kwa upole. "Tutawachorea Meru ya kijivu na waridi. Na migomba je?"

Migomba ikaruhusiwa kuwa ya kijani, kwa kuwa haipigi kura. Kupitia mlango huo tukarudisha rangi moja moja. Udongo hauna chama, tukapata nyekundu. Anga haina chama, tukapata buluu. Ilichukua asubuhi nzima kurudisha ulimwengu kama Mungu alivyouacha.

Mtaalamu alisema mzaha uwe wa kujenga. Nilimwuliza maana yake nini. Alisema mtu asomapo acheke, lakini kicheko kisimwelekee mtu yeyote. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa, akauliza kama chifu hangeweza kuwa amechelewa kwa sababu nzuri. "Labda alikuwa anasaidia mjane," alisema, na akaandika hivyo pembeni mwa karatasi yetu kwa kalamu nyekundu, ya kusahihishia.

Tulikuwa karibu kufunga mtaalamu alipoinua kurasa za hadithi ya mpaka. Jirani mwizi na mama anayeibiwa nilikuwa nimewapa hudhurungi moja ile ile, kwa kuwa ni majirani wa ridge moja, mgongo mmoja wa kilima, na jua lao ni moja.

"Hapa kuna shida," alisema. "Msomaji atajuaje nani ndiye mbaya?"

"Ni yule anayeng'oa mimea," Fundi akasema.

"Namaanisha kwa rangi."

Mwenyekiti alisogeza miwani. "Ni kweli. Huyu mwizi mumwongezee nyeusi kidogo. Na huyu mama mpunguze. Akae safi."

"Ee, awe mweupe mweupe," mama wa umoja akaongeza. "Mtu amwonee huruma."

Alisema hivyo huku mkono wake mwenyewe ukiwa mezani kando ya sahani ya chapati, mkono wa mwanamke aliyelima chai tangu utotoni, mweusi na mzuri. Nilitazama nyuso zote tano, nikasubiri mmoja asikie kilichosemwa. Mjumbe wa kwanza wa chai aliomba sukari.

Sikulumbana. Nilisema nitaleta pendekezo mkutano ujao. Fundi alinitazama kwa wasiwasi tulipokuwa tukishuka ngazi.

"Mwalimu, una uso wa kuandika barua."

Mkutano uliofuata nilifika na makopo yangu, sahani tatu na kadi nyeupe zenye ukubwa wa karata. Niliwaambia wanakamati kwamba ili kupanga rangi za watu vizuri tunahitaji kipimo, na kipimo bora ni kamati yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayowakilisha jamii. Hapo walikaa vizuri. Mtu akiambiwa anawakilisha, atakupa hata damu. Kila mmoja aliweka mkono mezani karibu na dirisha, nikakoroga rangi mbele yake: nyekundu, manjano, buluu kidogo, nyeupe tone kwa tone, nikijaribu kwenye kadi mpaka ilingane na ngozi. Kila kadi niliiandikia namba nyuma. Niliwapima watano, na ili haki itendeke nikajipima na mimi, namba sita. Walifurahi. Mama wa umoja alisema ni kama kupimwa nguo.

Kadi zilipokauka nilizichanganya, nikazipanga mezani, nikamwomba kila mmoja achukue ya kwake.

Mwenyekiti alichukua ya mama wa umoja. Mama wa umoja akachukua ya mtaalamu. Mtaalamu alizipitia zote, akafungua upepeo wake wa kadi za duka, akasema anadhani yake haikuwapo. Mjumbe wa pili wa chai alichagua kadi ambayo haikuwa ya mtu. Nilikuwa nimefutia brashi juu yake, ilikuwa na rangi ya uji wa wimbi uliotiwa maziwa. Mwenzake akachukua yangu.

Zilibaki kadi tatu, na moja ilikuwa katikati ya meza peke yake, iliyokolea kuliko zote. Mwenyekiti aliinyanyua kwa ncha za vidole, kwa huruma ya dhati.

"Na hii sasa ni ya nani, jameni?"

Nikamwomba aigeuze. Ilikuwa namba moja. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupimwa.

Aliiweka kwenye mkono wake. Kusema kweli nilikuwa nimefanya kazi nzuri. Hukuweza kuona kadi inakoanzia.

"Hii mkono imechomwa na jua," alisema hatimaye. "Mimi kwa mwili siko hivi." Akafungua kifungo, akakunja shati mpaka juu ya kiwiko ili tuone. Kule juu palikuwa vile vile. Akakunja zaidi. Mama wa umoja alitazama dirishani. Mjumbe wa kwanza wa chai, ambaye tangu siku ya rangi ya chungwa sikumsikia akitoa hoja, alisema, "Mwenyekiti, hata kwapa itakuwa hivyo," na nafikiri hiyo ndiyo kauli ya kweli pekee iliyowahi kutolewa kwenye kamati ile.

Mkutano ukaahirishwa. Nilishuka ngazi kama mtu aliyeshinda kesi.

Fundi hakuwa amekuja siku hiyo, alikuwa na ubao wa bucha wa kumaliza. Nilimkuta kwenye chumba chake, nikamsimulia yote, na kwapa nikaliweka mwisho. Alicheka vya kutosha. Kisha akazitandaza zile kadi kwenye meza, akazitazama moja moja kwa jicho la mtu anayejua kazi.

"Na yako ni ipi?"

Nikamwonyesha namba sita. Alinyoosha mkono, akaushika wangu kwenye kifundo kama daktari, akaweka kadi juu yake.

"Mwalimu. Hii umeitia maziwa mengi."

Nilisema ni mwanga wa ofisi. Hakubishana. Alinitoa mpaka mlangoni, juani, mbele ya muuza makaa na wanawake wawili waliokuwa wakimenya viazi, akaiweka tena. Kadi ilikaa juu ya mkono wangu kama plasta. Ilikuwa imepauka si kidogo. Watu watano nilikuwa nimewapima kwa uaminifu, kwa jicho lililofundisha rangi miaka ishirini, na nilipofika kwangu mwenyewe mkono ulikuwa umekwenda wenyewe kwenye kopo jeupe. Sikukumbuka kabisa ukienda. Hilo ndilo lililonitisha.

Nyumbani kwetu tulikuwa wasichana wawili. Wageni wakija, mama yangu alitutambulisha hivi: "Huyu ndiye mweupe wangu, na huyu ni mwenye bidii." Nilikuwa na miaka saba au minane, nikadhani ni sifa mbili zinazolingana. Nilifanya bidii sana. Nafikiri bado nafanya.

Sikumwambia Fundi habari hiyo. Yeye naye hakunicheka, alirudi kwenye ubao wake akaendelea na kwato za mbuzi, na kutochekwa huko kuliniuma kuliko kama angeniita kila jina. Niliketi nikakoroga namba sita upya. Safari hii nilifunga kopo jeupe kwanza.

Aibu hiyo ingepaswa kunitia adabu. Badala yake ilinipa hamu mpya ya kushinda. Nilipeleka hoja kwamba kamati isiamue, waamue wasomaji. Mwenyekiti, ambaye tangu siku ya kadi hakukunja tena mikono ya shati, alikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Nilitia rangi hadithi ya mpaka mara mbili. Moja ilikuwa yetu, kila mtu na ngozi yake ya ridge. Nyingine ilikuwa ya kamati: mwizi mweusi kama sufuria, na mama mwenye shamba, mchungaji na watoto wote wana rangi ya andazi lililotolewa kwenye mafuta mapema.

Tulikwenda nazo, Mwenyekiti akiwa nasi, upande wa Embu, kwa kikundi cha wakulima karibu na Runyenjes, kwa gari la ofisi. Walikusanyika kwenye ukumbi wa kiwanda cha kahawa, watu kama thelathini, wengi akina mama waliotoka moja kwa moja kuchuma, vikapu nje. Nilibandika kurasa zote ukutani. Sikusema ipi ni ya nani. Nilikuwa na hakika hata ya hotuba nitakayotoa wakishamaliza kuchagua yetu. Niliitunga njia nzima tangu Chuka.

Walisoma. Walicheka mahali pote tulipotaka wacheke, hata mahali pawili ambapo hatukutaka. Nikauliza, tuchapishe ipi? Mikono ikainuka. Karibu yote iliinuka kwa andazi.

Nilidhani hawajaelewa. Nikauliza tena, polepole, kwa ile sauti ambayo nimemcheka Mwenyekiti kwa kuwa nayo. Mikono ikainuka vile vile.

"Kwa nini?" nikamwuliza mama mmoja wa mbele, mwenye viatu vya gamubuti na sweta la shule ya mtoto wake.

"Hawa wanang'aa. Wale wengine ni kama sisi."

"Si ndiyo vizuri, wakiwa kama nyinyi?"

Alinitazama kwa subira, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Mwalimu, mimi natoka shamba saa hii. Mikono naiona kutoka asubuhi. Saa nikikaa chini kusoma kitabu, nijione tena huko? Nimejiona ya kutosha."

Ukumbi wote ulicheka. Hotuba yangu niliirudisha Meru nzima nzima. Mwenyekiti hakujisifu hata kidogo. Alisema tu, "Wananchi wamesema," kisha akanunua ndizi barabarani akatugawia, na kubwa kuliko zote akanipa mimi. Kuna watu wanaojua kushinda, na hakuna adhabu mbaya kuliko wema wao.

Nilikuwa tayari kutia watu wote rangi ya andazi na kwenda zangu kufundisha dini. Fundi ndiye aliyekataa. Alizichukua kurasa zote ishirini na nne, akakaa nazo wiki moja, na nilipokwenda Majengo nikazikuta zimejaa maandishi madogo ya penseli kwenye pembe za kila kisanduku. Alfajiri. Saa nne. Saa saba, juani. Jikoni, moto. Chini ya mibuni. Mvua inakuja.

"Tumekuwa tukiuliza mtu ni rangi gani," alisema. "Mtu hana rangi moja hata kwa siku moja. Uliza ni saa ngapi, na amesimama wapi."

Nilikuwa nimefundisha jambo hilo darasani kila mwaka. Lilikuwa kwenye silabasi. Nilikuwa nimelisahau kwa kushughulika na kushinda.

Tukaanza upya. Mwizi wa mpaka aling'oa mimea yake alfajiri, naye na mimea na mlima nyuma yake wote wakawa zambarau. Kufikia saa nne amesimama shambani akijifanya kupima mbolea, na jua likampiga uso akang'aa kama mtakatifu. Mama aliyeibiwa aling'aa pia alipotoka nje kugundua, akawa shaba na weusi jikoni kando ya moto, akawa na kijani usoni alipopita chini ya mibuni kumwendea mzee wa kijiji. Kila mtu alipewa kila rangi, mwema na mbaya, kadiri alivyotembea. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na kwa siku nyingi sikukumbuka kuwa na hasira.

Kamati ilikagua kwa saa mbili. Nilifurahia kila dakika.

"Mbona huyu mama ni mweusi hapa ukurasa wa pili?" mtaalamu akauliza.

"Ameingia jikoni," Fundi akajibu.

"Na huyu mwizi mbona anang'aa?"

"Ametoka nje."

Mtaalamu aliandika yote mawili. Mama wa umoja alisema nguo zimependeza. Mwenyekiti alipitia kurasa polepole, na nilijua anatafuta nini. Katika hadithi ya baraza alimkuta mzee mmoja wa kamati ameketi mbele, saa saba ya mchana, jua limempaka mafuta ya dhahabu. Alimtazama kwa muda.

"Hapa mmefanya vizuri," akasema.

Hata chifu alipita. Fundi alikuwa ametii kalamu nyekundu: kwenye kisanduku cha kwanza palikuwa na mjane, kama ilivyoagizwa. Alikuwa amesimama mlangoni kwake na birika kubwa, akimmiminia mheshimiwa kikombe ambacho ni wazi hakikuwa cha kwanza. Mwenyekiti alisema sasa hadithi ina mafunzo.

Kitabu kilichapishwa, kikagawanywa. Nilisubiri kusikia watu watasema nini juu ya nyuso. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama na kwa sifa, zaidi kwa sifa. Jumapili moja, nimetoka kanisani, nikakuta wanaume watatu wa Muthara langoni pangu, wafanyabiashara wa miraa, mmoja ameshika kitabu kimefunguliwa kwenye hadithi ya tisa. Hawakutaka kuingia.

"Mwalimu," alisema aliyeshika kitabu. "Hii hapa ni nini?"

Nilitazama. "Ni miraa. Mkulima anaifunga kwa majani ya mgomba."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Hii si miraa. Labda ilikuwa miraa juzi." Aligonga ukurasa kwa ukucha. "Hii imelala siku tatu. Ona vile imekauka kichwa. Hii hata mbuzi ya mtu mwenye aibu haiwezi kula. Na kitabu imeandikwa ni ya Muthara! Imeenda mpaka Embu! Watu wa Embu watasema nini?"

Walikuwa wamekasirika kweli kweli. Niliwauliza juu ya nyuso je, rangi za watu wamezionaje. Wakatazamana.

"Nyuso ziko sawa tu," mmoja akasema, bila kuzitazama.

Walinipeleka shambani siku hiyo hiyo, na makopo yangu na sahani. Mkubwa wao alipanda mti akakata kitawi, akakiweka mkononi mwangu, na wakasimama kunizunguka nikikoroga. Nikajaribu nyekundu. Wakasema hiyo ni pilipili. Nikajaribu zambarau. Wakasema hiyo ni ya askofu. Nikaongeza hudhurungi, wakaniambia nimeiua. Watu ambao hawakuwa wameangalia uso hata mmoja kitabuni walijadiliana juu ya ncha ya kitawi kwa muda mrefu kuliko nilivyoongoza somo lolote, nao walikuwa na majina ya Kimeru kwa rangi ambazo mimi, mzaliwa wa hapo hapo, sikujua kwamba zina majina. Mara ya kumi na moja mkubwa wao alichukua brashi mkononi mwangu, akaongeza mwenyewe tone la kijani, akakoroga mara moja.

"Hapo," akasema.

Alikuwa sawa. Nilipoiweka kwenye karatasi kitawi kilionekana kama kimekatwa dakika hiyo.

Chapa ya pili ilibadilishwa kitu kimoja tu. Nilimpigia Mwenyekiti simu kuomba mkutano, kwa kuwa kanuni ilitaka kamati ipitishe kila mabadiliko ya rangi. Yeye naye ni mtu wa Tigania. Alinisikiliza sentensi moja.

"Mkutano ya nini?" alisema. "Badilisha leo. Mimi niliona siku ya kwanza nikashindwa kulala. Ile ilikuwa aibu kwa jamii."

Fundi alirudi kwenye mabango yake, nami nikarudi darasani. Muhula huo nilikuwa nafundisha habari za uumbaji, na sikuweza kuzifundisha tena bila kufikiria kwamba mahali fulani, kabla ya siku ya saba, lazima palikuwa na kamati.